Mama Noella, Futi Yake na Taa Tatu

Mama Noella Mukarusanga, mshonaji wa mtaa wa Rugenge mjini Uvira, ana umri wa miaka sitini na minne, magoti mawili yasiyosikilizana, na gari moja la Kijapani lenye usukani upande wa kulia. Gari hilo analitii kuliko alivyopata kumtii mume. Asemaye hivyo si mimi bali yeye mwenyewe, na kwa kuwa husema akiwa na pini tatu mdomoni, haijulikani kamwe kama anatania.

Mume huyo, marehemu Cyprien, alikuwa dereva wa lori la miwa katika bonde la Ruzizi. Ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye barabara nyoofu ya kuelekea Kiliba, yeye akiwa ameketi kando na rozari mkononi. Alipofariki, mjane alishona sare za shule kwa miaka sita, akazibeba sokoni Kamanyola juu ya malori ya watu, hadi siku moja akarudi Uvira akiendesha gari lake mwenyewe, cherehani imefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria kama mgeni wa heshima. Tangu hapo hakuna tena mtu aliyembeba.

Ni gari hilo ambalo, katika juma ninalotaka kulieleza, alikaribia kunyang'anywa na binti yake wa pekee.

Binti huyo anaitwa Divine. Anafanya kazi ya uwakala wa forodha pale mpakani Kavimvira, na kazi hiyo imemwingia mwilini: hata akitembelea jamaa, jicho lake hupita kwanza juu ya mizigo. Jumatatu asubuhi aliomba mama yake ampeleke kazini. Hawakufika mbali. Kwenye dashibodi ilikuwa tayari inawaka taa nyekundu, duara lenye alama ya mshangao katikati. Na walipotembea kidogo zikajiunga nayo taa mbili za manjano, moja yenye herufi ABS, za breki zisizoruhusu magurudumu kukwama, nyingine yenye kigari kinachoacha nyuma yake alama mbili zilizojipinda kama nyoka wawili.

"Mama, hii nyekundu iko nini?" akauliza Divine.

"Iko nyekundu."

"Na hizi mbili za manjano?"

"Ziko ndugu zake."

"Mama, minye sicheki. Kila siku pale mpakani naona bantu benye kusema 'ni taa tu', kesho tunasikia gari iko mu mutaro. Weye uko na miaka sitini na ine. Umegonga nini?"

"Sijagonga kitu. Labda wewe, ulipofunga mulango kama askari."

Divine hakucheka. Alitoa hukumu palepale, kwa sauti ileile anayoitumia juu ya magunia ya unga yasiyo na karatasi: Jumamosi saa sita atakuja na mume wake, Héritier. Taa zikiwa zingali zinawaka, funguo zitakabidhiwa kwa Héritier, ambaye kwa vyovyote anahitaji gari la kubebea spika zake.

"Na sare zangu zitaenda Kamanyola na nini?"

"Na moto," akasema Divine, yaani pikipiki ya kukodi.

"Magoti haya juu ya moto? Kama unataka kuzika mama yako, useme tu, nishone kanzu ya safari."

Yanipasa sasa kumweleza Héritier Ngabo. Ni mshereheshaji wa harusi, na toka Kavimvira hadi Kamanyola hakuna kipaza sauti kisichomjua. Huweza kusifu keki kwa dakika ishirini. Lakini mbele ya mama mkwe wake mtu huyu ni bubu. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za bondeni, mkwe wa kiume hamtazami mama wa mkewe usoni, hali chakula mbele yake, wala hamletei neno lenye aibu. Mama Noella naye hamwiti kwa jina. Jumapili iliyotangulia, Héritier alipotaka kuazima gari kwa ajili ya harusi ya Kamanyola, alimtuma mkewe. Mama akaweka funguo mezani, akaingia chumbani. Ndipo mkwe akaingia, akazichukua, akatoka kinyumenyume. Usiku zilirudishwa mezani vivyo hivyo. Hakuna aliyesema na mwenzake hata nusu ya neno, na kila mmoja aliridhika kwamba heshima imetimizwa kikamilifu.

Jumanne Mama Noella alimwita Marcellin, fundi wa magari wa mtaa wetu, mtu mwenye mikono mizuri na dhamiri ya kati. Marcellin aliinama, akatazama dashibodi, akainuka.

"Dada Noella, dakika kumi tu. Nafungua tablo, natoa hizi mataa tatu, kwisha. Divine ataona giza."

"Papa Marcellin, muteja wangu akiona mu kioo nguo imekaa vibaya, minye sivunji kioo. Nafumua."

"Basi tununue ordinatere, kompyuta ya gari. Ile yenye iko ndani imechoka."

"Umeiona?"

"Hapana. Lakini ya bantu bengi imechoka."

Mama Noella alivuta kiti, akaketi mbele ya gari, akaamuru kazi ianze kwa utaratibu. Taa nyekundu kwanza, kwa sababu nyekundu yahusu breki zenyewe, na breki zikikosekana hayo mengine hayana haja ya kuchunguzwa. Breki ya mkono ilipandishwa, ikashushwa hadi mwisho, taa haikuzimika. Boneti ikafunguliwa. Kichupa cha mafuta ya breki kilionyesha kwamba mafuta yameshuka chini ya mstari wa chini kabisa. Marcellin akanyoosha mkono kuchukua mafuta ayaongeze.

"Ngoja," akasema mama. "Maji ikipunguka mu mutungi, unauliza kwanza yalikwenda wapi. Yamemwangika?"

Walikagua magurudumu yote kwa ndani, na mabomba yote, palikuwa pakavu. Basi kama mafuta hayakumwagika, yalikuwa yameshuka kufuata kitu kilichopungua. Marcellin alifungua magurudumu ya mbele na kukuta pedi za breki zimelika, zimebaki nyembamba kama kipande cha sabuni siku ya mwisho wa mwezi. Zilipowekwa mpya na pistoni za breki kusukumwa ndani, mafuta yalipanda yenyewe katika kichupa hadi mahali pake, bila tone kuongezwa. Taa nyekundu ikazimika.

"Ungeongeza, yangemwangika leo," akasema Mama Noella.

"Nilikuwa nakujaribu," akasema Marcellin.

Zilibaki mbili za manjano, nazo zilikuwa na tabia ya ajabu. Gari lilipowashwa, ziliwaka kidogo, zikazimika kwa adabu kama desturi. Lakini gari likishatembea kufika kona ya kanisa, zote mbili ziliwaka kwa pamoja na kubaki hivyo.

Jumatano, saa nne, ilisikika hodi langoni. Alikuwa Héritier, ameshuka kwenye pikipiki ya kukodi, amekumbatia kitu kikubwa cha mviringo kilichofungwa kitenge. Hakuingia. Alisimama akiutazama ukuta, akasema na Agathe, mwanamke anayeshona pamoja na Mama Noella.

"Agathe, uulize Mama kama naweza kuosha gari lake."

Mama alikuwa hatua tano kutoka hapo, amesikia kila silabi. Hata hivyo alingoja.

"Mama," akasema Agathe, "anauliza kama anaweza kuosha gari."

"Umwambie asante. Mukwe haoshi gari ya mama mukwe. Bantu batasema nimemugeuza boyi."

"Anasema asante, hapana," Agathe akaueleza ukuta.

"Uulize kama naweza kuliosha kesho, kama Mama hayuko."

"Mama iko siku zote," akasema Mama Noella, akiuambia mkasi wake.

Héritier alishukuru, akakumbatia tena mzigo wake, akapanda pikipiki.

"Agathe, ile kitu amebeba ni nini?"

"Amesema ni ngoma ya harusi."

Mama Noella aliifuata pikipiki kwa macho. Nyuma ilikuwa imelala, mbele imeinuka. "Ngoma ile imekula nini?" akauliza, kisha akarudi kwenye kola aliyokuwa akiishona.

Alhamisi Marcellin alimweleza kwamba karibu na kila gurudumu kuna kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko yake, na kwamba tope likikiganda hesabu huharibika. Mvua ilikuwa imeteremsha mchanga wa mlimani hadi barabarani, kwa hiyo maneno hayo yalikuwa na akili, na Mama Noella alimsifu kwa mara ya kwanza katika juma lile. Walivisafisha vifaa vinne kwa mswaki, wakafuata nyaya zake kwa vidole kutafuta jino la panya. Nyaya zilikuwa nzima. Gari likatoka, likafika kona ya kanisa, na zile ndugu mbili zikawaka.

"Sasa ni ordinatere," akasema Marcellin.

"Sasa ni kufikiri," akasema Mama Noella.

Alifikiri usiku kucha, na Ijumaa asubuhi, alipokuwa akimpima mwanakwaya mmoja mwenye bega moja lililoshuka, alisimama ghafla, akamwacha yule mtu na mikono imeinuliwa.

"Kama hesabu iko sawa," akamwambia Agathe, "na mwenye kuhesabu iko muzima, basi kile kinahesabiwa njo hakiko sawa. Lete chaki."

Chaki ilikuwa ile ya bluu ya kuchorea vitambaa. Alichora mstari chini ya kila tairi, pale linapogusa udongo, na mstari ardhini mkabala nao. Kisha Agathe na yule mwanakwaya wa bega moja wakalisukuma gari polepole, na kila mstari wa tairi uliporudi chini baada ya mzunguko mmoja, Mama Noella akachora tena ardhini. Akapiga magoti yake mabaya mavumbini, akanyoosha futi yake ya kushonea kutoka alama hadi alama. Gurudumu la mbele kulia: sentimita mia mbili na nne. La mbele kushoto: mia mbili na nne. La nyuma kushoto: mia mbili na nne. La nyuma kulia: mia moja tisini na tatu.

Alipima mara ya pili, kwa kuwa mshonaji hakati kabla ya kupima mara mbili. Mia moja tisini na tatu. Gurudumu moja lilikuwa dogo kuliko wenzake, na kwa hiyo lilikuwa likikimbia zaidi ili kuwafikia. Na gari, likiona mguu mmoja unakimbia na mitatu inatembea, lilidhani linateleza, likapiga kelele kwa njia pekee lililopewa. Alifuta tope kwenye ubavu wa tairi. Namba zilizoandikwa pale hazikufanana na za matairi matatu mengine. Tena juu ya rimu palikuwa na kifuniko ambacho Mama Noella hakuwahi kukinunua, kimebanwa vizuri na mtu aliyetaka kisitazamwe sana.

Alibaki amepiga magoti. Akaikumbuka Jumapili ya harusi, akaukumbuka mzigo wa mviringo ndani ya kitenge, akaikumbuka pikipiki iliyolala nyuma.

"Agathe," akasema, "ngoma ile ilikuwa saizi ya ngapi?"

Akaanza kucheka, na alicheka hata mwanakwaya akaomba ruhusa ya kushusha mikono.

Pengine msomaji atauliza kwa nini hakumtumia binti yake salamu palepale. Kwanza, mama mkwe hamshitaki mkwe. Ni aibu kwa wote wawili. Pili, na hili ndilo lililokuwa na uzito zaidi, hakutaka kukosa Jumamosi.

Jumamosi, saa sita kasoro dakika nne, wakafika. Divine aliingia moja kwa moja kwenye gari. Héritier alibaki langoni, ameipa nyumba mgongo, anatazama barabara. Mama Noella aliketi kwenye kiti chake, mbele ya boneti, na pini mdomoni.

Divine akawasha. Taa ziliwaka, zikazimika.

"Umeona? Zimezimika," akasema mama.

"Mama, pale mpakani tunatembeza gari." Akatoka nalo hadi kona ya kanisa, akarudi. Zote mbili zilikuwa zinawaka. Alizima gari, akashuka, akanyoosha kiganja. "Minye nakupenda, Mama. Njo maana. Funguo zinabaki kwangu, nampa Héritier."

"Ni haki yako. Lakini deklara wa forodha hakamati muzigo bila kupima. Chukua metre," akasema mama, akimpa ile futi.

Alama za chaki zilikuwa zingalipo uani. Divine alipima, kwa kuwa hawezi kuiona futi akaacha kuisoma. Mia mbili na nne, mara tatu. Alipofika kwenye alama ya nne alirudia, akarudia tena.

"Hii pine si ya gari hii. Mama, nani alibadilisha?"

"Minye sijui," akasema Mama Noella. Kisha akaligeukia gari, akaanza kusema nalo kwa upole, kama mtu asemavyo na mtoto aliyerudi shuleni na kiatu kimoja. "Weye gari, nimekuvika kiatu cha namba moja miaka yote. Jumapili ulienda harusi Kamanyola. Ulirudi na kiatu cha mutoto. Sikugombezi. Nauliza tu: nani alikuvika?"

Langoni palisikika kikohozi.

"Kama unaogopa," Mama Noella akaendelea kuliambia gari, "usiseme na minye. Sema na mulango."

Kisha Héritier, bila kugeuka, akalishika lango kwa mikono miwili.

"Mulango," akasema kwa sauti ndogo, "kulikuwa shimo mbele ya Luvungi."

"Shimo gani?" akafoka Divine.

"Sisemi na weye, nasema na mulango." Akavuta pumzi, na hapo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufungua kinywa na wapita njia walikuwa wameanza kusimama, desturi ya kazi yake ikamshinda. Sauti ikapanda. Aliueleza mlango jinsi shimo lilivyokuwa limejaa maji na kujifanya barabara. Jinsi tairi lilivyopasuka kwa mlio wa kufungua shampeni. Jinsi tairi la akiba lilivyokutwa halina pumzi. Jinsi rafiki yake mmoja, kijana wa familia njema, alivyotoa gurudumu lake mwenyewe ili maarusi wasikose keki. Alipofika kwenye keki, watu wawili barabarani walipiga makofi. "Na gurudumu la Mama," akamaliza, "limewekwa tairi jipya tangu Jumanne, liko nyumbani kwangu chini ya bafle, zile spika zangu!"

"Na ngoma ya Jumatano?" gari likaulizwa.

"Njo hiyo ngoma," mlango ukajibiwa. "Nilikuja kuirudisha. Mama hakutoka uani. Nitamuambia namna gani mama mukwe, nimeharibu pine yako?"

Divine alikuwa amesimama kati ya gari na lango, akigeuza kichwa kama anayefuata mchezo wa mpira.

"Na minye? Minye siko mama mukwe wako! Ju ya nini hukuniambia?"

"Weye uko mutoto wake. Ungesema."

"Na leo? Funguo ungezipokea?"

Héritier, aliyesifu keki dakika ishirini, aliusoma msumari mmoja wa lango hilo kwa makini makubwa.

Divine aliangalia funguo mkononi mwake. Alikwenda mezani, akaziweka pale, katikati kabisa, jinsi zinavyowekwa siku zote, akarudi nyuma. "Muzigo huu hauna kosa," akasema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwangu, jirani yao, kumsikia akisema hivyo juu ya mzigo wowote. "Mwenye kosa aende kuleta gurudumu. Na moto."

Héritier alirudi baada ya nusu saa, amelikumbatia gurudumu bila kitenge. Ikazuka shida mpya: mkwe hawezi kupiga magoti akitoka jasho mbele ya mama mkwe. Mama Noella akaitatua kwa kugeuza kiti chake kuelekea ukuta. Akaketi hivyo, wima, akauangalia ukuta kwa robo saa, na kila alipousikia mlio wa spana alisema:

"Agathe, umwambie ukuta nati zinafungwa kwa kukingamana. Haifungwi kwa kufuatana."

"Ukuta umesikia," akajibu Agathe.

Kazi ilipokwisha, Mama Noella aliketi kwenye usukani, Divine kando yake na macho kwenye dashibodi, Héritier nyuma na lile gurudumu dogo mapajani, kwa kuwa mama alisema kiatu cha watu kirudishwe siku hiyohiyo. Gari likafika kona ya kanisa. Likapita. Likafika daraja la Mulongwe, likavuka soko, likafika Kavimvira penyewe, na dashibodi ilikuwa nyeusi na tulivu.

"Mama," akasema Divine, "uko nakimbia sana."

"Ni taa gani imekuambia?"

Funguo za gari lile leo zina mnyororo mrefu ajabu. Anayezichukua mezani huchukua pia kipande cha futi ya kushonea kilichofungwa kwazo, pamoja na chaki ya bluu. Héritier ameazima gari mara tatu tangu hapo. Kabla ya kuondoka hulisukuma mzunguko mmoja, hupima magurudumu manne, na kuutangazia mlango vipimo kwa sauti ya harusi. Akirudi usiku hupima tena, kwa sauti ya chini, majirani tukisikiliza vitandani. Mara ya mwisho alipotangaza la nne, mia mbili na nne, dirisha la chumba cha Mama Noella lilikuwa wazi, na ndani mtu alipiga makofi mara moja.